Upimaji wa mijongeo ya watoto wadogo: kipimo kimoja hakitoshi, ufuatiliaji ndio jibu

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Walimu wa madarasa ya awali wanamfahamu vema mtoto huyu. Kalamu humponyoka vidoleni, vifungo vya shati humshinda, mpira akirushiwa humpita, na mara kwa mara hujikwaa mahali ambapo wenzake hupita bila shida. Akiulizwa swali hujibu kwa ufasaha, wala hana homa wala jeraha. Lakini daftari lake huchafuka, kazi yake huchelewa, na kabla muhula haujakwisha huwa amekwisha kupewa jina: mzembe, mvivu, au asiye makini.

Katika Kata ya Sokon I, Jijini Arusha, kama ilivyo katika kata nyingine nchini, mtoto wa namna hii hupita mikononi mwa wahudumu wa afya mara nyingi kabla ya kufika mbele ya mwalimu. Hupimwa uzito na kupewa chanjo, na kadi yake ya kliniki hujazwa mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wa makuzi ya mtoto wamelitafakari kwa miongo kadhaa: je, ingewezekana kulitambua tatizo lake angali mdogo? Na kama ingewezekana, kipimo hicho kingefanyika lini, kingefanywa na nani, na baada yake kingefuata nini?

Makala haya yanachambua maswali hayo wakati ambapo Serikali inatekeleza Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, maarufu kama PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26 na inayowalenga watoto wenye umri wa kuanzia sifuri hadi miaka minane.

Tatizo lisilo na alama mwilini

Uratibu wa viungo ni uwezo wa ubongo kupanga na kuongoza kazi ya misuli ili tendo lifanyike kwa wakati, nguvu na mpangilio unaofaa. Misuli mikubwa humwezesha mtoto kukaa, kutembea, kukimbia na kuruka. Misuli midogo humwezesha kushika kijiko, kufunga kamba za viatu na kuandika. Mtoto mwenye ugumu wa uratibu wa viungo hana kasoro ya misuli wala mifupa, na akili yake ni timamu, bali ujuzi wake wa mijongeo uko chini sana ya ule unaotarajiwa kwa umri wake, kiasi cha kumtatiza nyumbani, michezoni na darasani.

Makadirio yanayotumika kimataifa yanaonesha kuwa hali hiyo huwakumba watoto wapatao asilimia 5 hadi 6 wa umri wa kwenda shule. Katika darasa la watoto 50, hao ni wawili au watatu. Wengi wao hawaponi kwa kukua tu. Ugumu huo huweza kuandamana nao hadi utu uzima. Mtoto anayechekwa kila anapokimbia huacha kucheza, asiyecheza hukosa mazoezi, na asiye na mazoezi huzidi kubaki nyuma. Hivyo ndivyo tatizo la mikono na miguu linavyogeuka kuwa tatizo la kujiamini na la kujifunza.

Hapana budi kulitofautisha tatizo hili na mtindio wa ubongo, ambao hutokana na athari katika ubongo unaokua, na ambao dalili zake huweza kuonekana mapema zaidi. Kwa watoto walio katika hatari kubwa, wakiwamo waliozaliwa njiti na waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, wataalamu wenye mafunzo wanaweza kuchunguza mijongeo ya mtoto mchanga na kuutambua mtindio wa ubongo hata kabla hajafikisha miezi mitano. Ugumu wa uratibu wa viungo hauna dalili ya wazi namna hiyo. Hujificha mpaka maisha yamtake mtoto afanye jambo linalohitaji ustadi.

Kipimo kinabashiri nini?

Msingi wa upimaji ni kufahamu kwanza mtoto wa kawaida hukuaje. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha viwango vya hatua sita za misuli mikubwa, vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Viwango hivyo vilidhihirisha jambo ambalo bibi zetu walilijua siku nyingi, kwamba watoto hawakui kwa saa moja. Mtoto mwenye afya njema anaweza kukaa bila kushikiliwa akiwa na miezi 3.8, na mwingine, mwenye afya njema vilevile, akafikia hatua hiyo katika miezi 9.2. Kutembea peke yake kunaweza kuanza kati ya miezi 8.2 na 17.6. Aidha, watoto takribani asilimia 4 katika utafiti huo hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na bado walitembea.

Upana huo ndio unaoufanya ubashiri kuwa mgumu. Mtoto aliyechelewa kutembea anaweza kuwafikia wenzake, na aliyetembea mapema anaweza kuja kushindwa kuandika. Kwa sababu hiyo, mapendekezo ya kimataifa ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2019 yanashauri kwamba, kwa kawaida, ugumu wa uratibu wa viungo usithibitishwe rasmi kabla mtoto hajafikisha miaka mitano. Pale inapolazimu kufanya hivyo kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, mapendekezo hayo yanataka apimwe angalau mara mbili, kwa nafasi isiyopungua miezi mitatu.

Hata hivyo, si kweli kwamba upimaji wa mapema hauna faida. Kadiri mtoto anavyokaribia umri wa shule ndivyo kipimo kinavyozidi kusema ukweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watoto waliozaliwa njiti nchini Australia ulionesha kuwa matokeo ya kipimo cha mijongeo katika umri wa miaka minne yalibashiri kwa kiwango kizuri hali ya watoto hao walipofika miaka minane. Kwa ufupi, kipimo cha mwaka wa kwanza hutufaa zaidi kuwatambua wenye athari kubwa, na kipimo cha kuanzia miaka mitatu hutufaa zaidi kuwatambua wenye ugumu uliojificha.

Hesabu inayopaswa kutangulia

Kabla ya kuamua kuwapima watoto wote wa kata, ni vema kufanya hesabu nyepesi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba watoto 200 wa miaka minne wanapimwa, na kati yao 10, yaani asilimia 5, kweli wana ugumu wa uratibu wa viungo. Tuchukulie pia kwamba kipimo chetu ni kizuri kiasi: kati ya kila watoto 10 wenye tatizo kinawanasa wanane, na kati ya kila watoto 10 wasio na tatizo kinawapitisha wanane.

Katika mfano huo, kipimo kitawanasa watoto wanane kati ya 10 wenye tatizo na kuwakosa wawili. Lakini kati ya watoto 190 wasio na tatizo, kitawatia shakani 38 bila sababu. Jumla ya watakaotajwa kuwa na mashaka ni 46, na wenye tatizo la kweli miongoni mwao ni wanane tu, yaani takribani mmoja kati ya sita.

Hesabu hii haisemi kwamba tusipime. Inachosema ni kwamba majibu ya kipimo kimoja si hukumu. Iwapo familia 46 zitaambiwa siku hiyohiyo kuwa watoto wao wana kasoro, familia 38 zitakuwa zimepewa hofu isiyo na msingi, katika jamii ambayo bado baadhi ya watoto wenye ulemavu hufichwa ndani kwa aibu. Iwapo familia hizo 46 zitaelezwa kuwa mtoto ataangaliwa tena baada ya miezi kadhaa, na wakati huo zikaoneshwa michezo ya kumsaidia, hakuna atakayedhurika na wale wanane watakuwa wamepata mwanzo.

Vipimo vinavyomjua mtoto wa Afrika

Jambo la pili ni kipimo chenyewe. Vipimo vingi vinavyotumika duniani vilitungwa Ulaya na Marekani, na humtaka mtoto atunge shanga, achore kwa penseli kati ya mistari miwili, au adake kifuko kilichojazwa maharage. Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli anaweza kushindwa kwa sababu ya ugeni wa kifaa, si kwa sababu ya ugumu wa viungo. Mtoto huyohuyo huenda anachambua maharage pamoja na mama yake, anaruka kamba na kucheza rede bila kukosea hatua.

Watafiti wa Afrika wameliona hilo. Nchini Kenya, kipimo cha mijongeo kilichoandaliwa Kilifi, na kufanyiwa tathmini iliyochapishwa mwaka 2008, kilitengenezwa kwa vitu ambavyo watoto wa pwani wanavifahamu, kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 35. Nchini Malawi, kipimo kilichochapishwa mwaka 2010 kiliandaliwa kutokana na watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini, kikigusa misuli mikubwa, misuli midogo, lugha na mahusiano, kwa watoto hadi miaka sita.

Tanzania nayo haikubaki nyuma. Haydom, wilayani Mbulu, eneo ambalo hadi mwaka 2002 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Manyara, ilikuwa miongoni mwa vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa kuhusu lishe, maradhi ya tumbo na makuzi, ambapo ukuaji wa watoto ulipimwa hatua kwa hatua hadi umri wa miaka miwili na zaidi. Hali kadhalika, kisiwa cha Pemba kilikuwa, pamoja na Bangladesh na Pakistan, mahali pa kwanza pa kuhakiki vipimo vipya vya makuzi ya mtoto chini ya miaka mitatu ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2023. Vipimo hivyo vimekusudiwa kupima hali ya makundi ya watoto, si kumthibitishia mtoto mmoja tatizo. Lakini uzoefu uliopatikana Pemba na Haydom unaonesha kuwa watumishi wa Kitanzania wanaweza kupima makuzi ya watoto wetu kwa viwango vinavyokubalika duniani.

Upekee wa ukanda wa Mlima Meru

Kwa Arusha lipo jambo la ziada. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huu vimekuwa vikizidi kiwango hicho. Athari inayofahamika na wengi ni meno ya kahawia, lakini pale floraidi inapozidi sana kwa muda mrefu huweza kuidhuru mifupa, na baadhi ya watoto wa Arumeru wamepata matege na miguu iliyopinda. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande nayo yanaweza kuongeza madini hayo mwilini. Serikali imekuwa ikilishughulikia suala hili kwa miradi ya maji salama na kwa utafiti wa kuondoa floraidi katika kituo cha Ngurdoto.

Hali hiyo ina maana kubwa kwa upimaji. Mtoto anayeanguka kwa sababu miguu imepinda hana ugumu wa uratibu wa viungo, na mazoezi ya kudaka mpira hayatamwondolea tatizo. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye ugumu wa uratibu anaweza kupuuzwa kwa maneno kwamba "ni maji tu ya huku." Kwa hiyo anayepima watoto wa Arusha sharti kwanza aiangalie mifupa, macho, masikio na lishe. Lishe haiwezi kusahauliwa, kwani Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kudumaa hudhoofisha misuli na ubongo kwa pamoja.

Pengo kati ya kliniki na darasa

Ratiba ya chanjo nchini humkutanisha mtoto na mhudumu wa afya anapozaliwa, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Baada ya chanjo ya mwezi wa 18, wazazi wengi huona hakuna sababu ya kurudi kliniki ikiwa mtoto haumwi. Mtoto huonekana tena mbele ya macho ya kitaalamu anapoandikishwa darasa la awali akiwa na miaka mitano.

Tukilinganisha ratiba hiyo na yale tuliyoyaona juu ya umri wa kupima, pengo linajitokeza waziwazi. Tunamwona mtoto mara nyingi katika umri ambao ugumu wa uratibu haubashiriki vizuri, na tunampoteza katika miaka mitatu na minne, umri ambao ungeanza kubashirika.

Nyenzo ya kuziba pengo hilo ipo tayari. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na wale waliotimiza mwaka mmoja hupewa pia dawa za minyoo, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto. Kampeni hiyo humfikia mtoto wa miaka mitatu na wa miaka minne, na nafasi kati ya awamu moja na nyingine ni miezi sita, ambayo inatosheleza sharti la kupima mara mbili kwa nafasi isiyopungua miezi mitatu. Maswali machache kwa mzazi, na dakika chache za kumtazama mtoto akisimama kwa mguu mmoja, akiruka kwa miguu yote miwili na kufungua kifungo, yangeweza kuingizwa hapo bila kujenga mfumo mpya.

Watendaji nao wanaongezeka. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 2024, umelenga kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Hawa ndio wanaoingia majumbani, na ndio wanaoweza kumkumbusha mama wa Sokon I kwamba Juni aliambiwa arudi Desemba. Kwa kuwa familia za mjini huhama mara kwa mara, ikiwamo kutoka kata za Jiji kwenda kata za Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, matokeo yaandikwe katika kadi anayoitunza mzazi, ili mtoto aliyepimwa Sokon I asianze upya akihamia Sokon II, kata inayoshabihiana nayo kwa jina lakini iliyo chini ya halmashauri nyingine.

Baada ya kupima, nini?

Kipimo kisichofuatiwa na msaada ni mzigo kwa mzazi. Kwa bahati njema, msaada mwingi anaouhitaji mtoto mwenye ugumu wa uratibu wa viungo hauhitaji vifaa vya gharama. Mbinu yenye ushahidi mzuri ni kumfundisha mtoto tendo lenyewe linalomshinda, kwa hatua ndogondogo na kwa kurudia. Asiyeweza kufunga vifungo afundishwe kufunga vifungo, akianza na vikubwa. Asiyeweza kudaka mpira aanze na mpira wa matambara wa karibu. Mwalimu anaweza kumpa penseli nene, kumwongezea muda, kumkalisha mahali ambapo miguu yake inagusa sakafu, na kumpima uelewa kwa mdomo pale mkono unapochelewa. Hayo yanaendana na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26.

Kwa mtoto mwenye dalili nzito, njia ya rufaa ifuatwe bila kungoja: kutoka zahanati na kituo cha afya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na inapobidi hadi Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Mzazi asisubiri awamu ya Juni wala Desemba iwapo mtoto hajakaa mwenyewe baada ya kutimiza miezi tisa, hajatembea baada ya kutimiza miezi 18, anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au amepoteza ujuzi aliokuwa nao. Dalili hizo zinahitaji uchunguzi wa daktari mara moja.

Halmashauri, kwa upande wao, zina mambo matatu ya kuyapa kipaumbele: kuwafundisha wahudumu wa jamii na walimu wa awali namna ya kumtazama mtoto anavyotumia viungo vyake, kuhakikisha vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vina nafasi ya kuchezea, na kuwaajiri au kuwasambaza wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo karibu zaidi na wananchi. Bila jambo hilo la tatu, foleni itahama tu kutoka darasani kwenda hospitalini.

Kwa mujibu wa utafiti uleule wa mwaka 2022, asilimia 47 tu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 24 hadi 59 walikuwa katika mwelekeo sahihi wa makuzi. Miongoni mwa waliosalia wamo watoto ambao kalamu huwaponyoka. Kipimo hakitawatabiria maisha yao, wala hakuna mtaalamu anayepaswa kumwahidi mzazi hivyo. Lakini mtoto akitazamwa mara ya kwanza, akatazamwa tena, na mtu mzima aliye karibu naye akajua la kufanya katikati ya nyakati hizo, ataingia darasa la awali akiwa na mwalimu anayejua shida yake ni nini, na hataitwa mzembe kwa jambo ambalo si uzembe.